Reli au njia ya mabasi ikipita kwenye ploti yako: jinsi ya kudai fidia chini ya sheria ya 2019

Mwaka 2019 Kenya ilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Thamani ya Ardhi. Shabaha yake ilikuwa kuondoa mikwamo ya fidia iliyokuwa ikichelewesha reli, barabara na miradi mingine ya umma. Haikuanzisha utaratibu mpya kabisa. Iliingiza vifungu ndani ya Sheria ya Ardhi ya 2012, Sehemu ya Nane, inayohusu utwaaji wa ardhi kwa lazima. Aliye kando ya njia ya mabasi ya kasi Nairobi, au penye mchoro wa reli ya SGR, atakutana na vifungu hivyo apende asipende.

Mambo manne yalibadilika. Kwanza, thamani ya ardhi ya umiliki wa kudumu na ya ardhi ya jamii inatakiwa ipimwe kwa fahirisi ya thamani ya ardhi, yaani jedwali rasmi la thamani za ardhi kwa kila eneo, badala ya kila mtu kuja na bei yake. Pili, lilianzishwa Jopo la Utwaaji Ardhi ili mizozo isianzie mahakamani na kukaa huko miaka. Tatu, aina za fidia ziliongezwa: si fedha tu, bali pia ardhi mbadala ya thamani sawa, hati za dhamana za serikali, haki za ujenzi, hata hisa katika kampuni ya serikali. Nne, na hili ndilo linalouma, neno "mara moja" lililomo katika Kifungu cha 40 cha Katiba, kinachotaka fidia ilipwe mara moja na kikamilifu, likapewa maana ya kisheria: ndani ya muda unaofaa, na isizidi mwaka mmoja baada ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi kuichukua ardhi.

Lisome tena hilo la nne. Mwaka huo unahesabiwa kuanzia ardhi ilipochukuliwa. Hauhesabiwi kuanzia notisi, wala kuanzia siku ulipokubali kiasi. Maana yake sheria inaharakisha mradi, haiharakishi hela zako. Muda unaoweza kuuokoa ni ule unaopotelea kwenye makaratasi yako mwenyewe, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kufanywa kabla ya kikao cha fidia.

Kujua mapema

Mradi hauanzi na tingatinga. Huanza na wapima ardhi, halafu tathmini ya athari za mazingira ambayo NEMA, mamlaka ya mazingira, huitangaza ili wananchi watoe maoni, kisha mikutano kwa chifu, kisha watu wenye fomu wanaohesabu nyumba, miti na vibanda. Ukiona bikoni mpya (alama ya mpaka) au namba ya rangi ukutani, uliza ni ya nani na uipige picha yenye tarehe.

Kisheria, hata hivyo, saa huanza kugonga kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Wizara au kaunti inayotaka ardhi hupeleka ombi kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, ambayo wengi huiita NLC. Tume ikikubali huchapisha notisi ya nia ya kutwaa ardhi, humpelekea nakala msajili wa ardhi ili aiandike kwenye rejista, na humpelekea nakala kila anayeonekana kuwa na haki katika ardhi ile. Gazeti hutoka Ijumaa, na kuna matoleo maalumu katikati ya wiki. Unaweza kulisoma bure mtandaoni, na notisi za utwaaji hutafutika kwa jina la mradi au eneo.

Usitegemee barua. Nakala hutumwa kwa anwani iliyo kwenye rejista, na kwa hatimiliki nyingi hiyo ni ya sanduku la posta la miaka ya themanini. Njia ya uhakika ni kufanya sachi ya ploti yako, yaani kukagua rejista ya ardhi, kila baada ya miezi michache tangu minong'ono ya mradi ianze. Kwa maeneo yaliyoingizwa kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, sachi hufanywa mtandaoni. Kwingine ni kaunta ya masjala ya ardhi.

Notisi huwa na jedwali: namba ya ploti, jina la mwenye ardhi, na ukubwa unaotwaliwa kwa hekta. Hekta ndizo huwapotosha wengi. Hekta 1 ni ekari 2.47, au mita za mraba 10,000. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni karibu hekta 0.0465. Kwa hiyo ukiona 0.0120 mbele ya jina lako, usidhani ni kipande cha kupuuza: ni mita za mraba 120, zaidi ya robo ya ploti. Kwenye ploti yenye upana wa futi 50 barabarani, huo ni ukanda wa karibu mita 8 kwenda ndani, ambao kwa kawaida una ukuta, geti, tangi la maji na duka la mbele.

Kagua vitu vitatu siku hiyohiyo: namba ya ploti, tahajia ya jina, na ukubwa. Makosa hutokea hasa pale ploti mama iliyogawanywa bado imeandikwa kwa namba ya zamani, au jina limeachwa la muuzaji aliyeuza miaka kumi iliyopita. Kosa likiwapo, iandikie Tume barua ukiambatisha hatimiliki na sachi mpya, uombe irekebishwe katika Gazeti. Tume huchapisha marekebisho, nyongeza na ufutaji mara kwa mara, kwa hiyo si ombi la ajabu. Fika na barua mwenyewe kwa mratibu wa Tume katika kaunti, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Makaratasi yanayokwama

Kati ya notisi ya nia na kikao cha fidia lazima zipite angalau siku 30. Notisi ya kikao chenyewe hutoka angalau siku 15 kabla. Hizo ndizo siku unazoweza kuzitegemea. Zikizidi, ni bahati. Hakuna karatasi ngumu inayopatikana kwa siku 15, hivyo zile ngumu zianze leo.

Ngumu kuliko zote ni ardhi iliyobaki kwa jina la marehemu. Huwezi kupokea fidia ya shamba la baba kwa sababu tu wewe ni kifungua mimba na chifu anakujua. Inatakiwa hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Njia yake ni hii: barua ya chifu inayotaja warithi wote, cheti cha kifo, sachi, ombi mahakamani, tangazo kwenye Gazeti lenye siku 30 za pingamizi, kisha hati. Halafu hati hiyo inahitaji kuthibitishwa kabla ya kugawa chochote, na kwa kawaida hilo hufanyika baada ya miezi sita. Sheria ya Urithi inaruhusu mahakama kuithibitisha mapema kwa sababu nzuri, na notisi ya Gazeti yenye ploti yenu ni sababu ya kumpa wakili aijaribu. Pia mwambie wakili kuhusu hati ya muda ya kulinda mali ya marehemu: humruhusu mtu mmoja kuitetea mali hiyo, ingawa hawezi kugawa senti. Anayesaini na kupokea bila hati anajiingiza katika mali ya marehemu kinyume cha sheria, na hilo ni kosa la jinai.

Mke au mume naye anahesabiwa. Sheria ya Ardhi inawataja wenzi wa ndoa wa mwenye ardhi, na pia kila anayeikalia ardhi pamoja na mwenzi wake, kuwa watu wenye haki katika shauri hili. Mume anayekwenda kimya kupokea hela atakuta pingamizi mezani, na fidia iliyoingia kwenye mvutano wa familia huwekwa kwenye akaunti maalumu ya Tume hadi mgogoro uishe. Ni rahisi zaidi kwenda wawili, kila mmoja na kitambulisho chake.

Kama ardhi ina mkopo, benki nayo ni mdai. Omba taarifa ya salio la deni na barua inayosema benki inakubali nini: ilipwe yote, ilipwe sehemu inayolingana na kipande kinachotwaliwa, au ibaki na dhamana ya salio la ploti. Benki huchukua wiki kadhaa kuandika barua ya kurasa mbili.

Majina yasiyofanana huonekana madogo hadi siku ya malipo. Hatimiliki inasema Wanjiru M. Kamau, kitambulisho kinasema Mary Wanjiru, akaunti ya benki inasema jina la tatu. Hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo hutosha mara nyingi, ila ifanywe kabla, tena itaje namba zote za vitambulisho. Mwenye ardhi aliye Doha au Toronto atoe hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji au kwenye ubalozi, kisha isajiliwe Kenya. Picha ya karatasi kwenye WhatsApp haimsaidii mtu.

Ardhi ya jamii ina mtego wake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, fidia ya ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, katika akaunti maalumu yenye riba. Jamii ikitaka kuishika fidia hiyo yenyewe lazima ijisajili kwanza. Wale waliomo kwenye ushoroba wa mradi wasisubiri notisi ndipo waanze kuitisha mkutano wa jamii.

Mwisho kwenye fungu hili, chimba historia ya hatimiliki yako. Kifungu cha 40(6) cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, ilishikilia kwamba mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hatimiliki ikiwa mzizi wake ulikuwa mbovu tangu ugawaji wa kwanza. Ploti nyingi zinazopakana na reli ya zamani au barabara kuu zina swali hilohilo: je, zilikatwa kutoka kwenye hifadhi ya barabara au ya reli? Tafuta barua ya ugawaji, ramani ya upimaji, risiti za kodi ya ardhi na mlolongo wa mauzo. Ukiwa na pengo katikati, mwone wakili kabla hujawasilisha dai.

Kupiga hesabu ya dai

Notisi ya kikao humtaka kila mwenye haki apeleke dai la maandishi kabla ya kikao au siku yenyewe. Wengi hufika mikono mitupu, wakidhani Tume ndiyo itakayotaja bei. Itataja, lakini kwa yale iliyoyaona mthamini wake, na mthamini wake alipita mara moja.

Kanuni za mwaka 2017 za ukadiriaji wa fidia ya haki ndizo mifupa ya dai lako. Zinataka yaangaliwe: thamani ya soko siku notisi ya nia ilipochapishwa, hasara ya kutenganishwa kwa kipande na sehemu iliyobaki, madhara kwa mali yako nyingine, gharama za kuhama makazi au biashara, na upungufu wa faida ya ardhi kati ya notisi na siku ya kuchukuliwa. Juu ya thamani ya soko huongezwa asilimia 15 kwa usumbufu.

Turudi kwenye ile ploti ya 50 kwa 100. Tuseme ardhi yake yote ina thamani ya shilingi 6,000,000. Mita 120 za mraba ni asilimia 25.8, sawa na kama 1,550,000. Ukuta, geti na mtaro vithaminiwe 400,000. Jumla 1,950,000, asilimia 15 yake ni 292,500, unafika 2,242,500. Hapo ndipo wengi huacha kuhesabu, na ndipo hasara kubwa hubaki nje. Sehemu iliyosalia, kwa hesabu ya kawaida, ingekuwa na thamani ya 4,450,000. Lakini sasa shimo la maji taka liko mita moja kutoka mpakani, sehemu ya kuegesha gari haipo, na duka la mbele haliwezi kujengwa tena kwa sababu ya nafasi inayotakiwa kuachwa mbele ya jengo. Mthamini akisema mabaki yana thamani ya 3,700,000, tofauti ya 750,000 ni dai halali la madhara kwa sehemu iliyobaki. Iandike kwa mstari wake, na maelezo yake, na picha. Asilimia 15 usiipige juu ya mstari huo, kwani huhesabiwa juu ya thamani ya soko tu, na mthamini wa Tume ataifuta na kuanza kushuku mengine.

Kipande kilichobaki kikiwa hakifai kwa lolote, pembetatu ya mita tatu nyuma ya reli kwa mfano, usibaki nacho. Sheria inaruhusu uombe kitwaliwe chote. Ombi hilo liweke ndani ya dai. Kulitoa baada ya uamuzi wa fidia ni kuanza upya.

Tumia mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Ripoti nzuri ina mauzo matatu hadi matano ya karibu, yenye namba za ploti na tarehe, yaliyofanyika kabla mradi haujatangazwa. Ripoti mbovu ina bei za matangazo ya madalali. Thamani inayoongezeka kwa sababu mradi wenyewe unakuja haihesabiwi, kwa hiyo bei za watu waliokimbilia kununua karibu na kituo kitakachojengwa zitatupwa nje.

Kuna mambo mawili humrudi mwenye ardhi. La kwanza ni bei ya chini aliyoitangaza siku ya kununua ili apunguze ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Sheria ya 2019 inafungua mlango wa thamani zilizotangazwa kwa ajili ya stempu na kodi za ardhi kutumika katika ukadiriaji. Kama ulisema milioni mbili mwaka 2018 na leo unadai milioni tisa, uwe na maelezo. La pili ni ujenzi wa haraka haraka. Maendelezo yaliyofanywa ndani ya miaka miwili kabla ya notisi hayahesabiwi mpaka uthibitishe yalifanywa kwa nia njema, si kwa kunusa mradi. Ushahidi wa nia njema ni kibali cha ujenzi cha kaunti, mikataba ya fundi, risiti za vifaa na picha zenye tarehe. Vyumba vya mabati vilivyosimamishwa usiku mmoja havijawahi kumtajirisha mtu kwa muda mrefu.

Kuhusu fahirisi: uliza kwa maandishi ni thamani gani ya fahirisi inayotumika kwa eneo lako, na kama fahirisi hiyo imepitishwa na Bunge la Taifa na Seneti kama sheria inavyotaka. Ukipewa bei iliyotoka kwenye jedwali lisilo na idhini hiyo, hiyo ni hoja ya kisheria ya kubeba mbele. Fahirisi ni ya ardhi. Nyumba, visima, miti na mazao vithaminiwe kando, kimoja kimoja. Hesabu miti kwa aina na umri: mparachichi unaozaa haulingani na mche wa mwaka jana, na bila orodha vyote huandikwa "miti".

Kwenye kikao

Kikao cha uchunguzi hufanyika mara nyingi kwa chifu, shuleni au kanisani, watu mia wakiwa foleni na dakika chache kwa kila mmoja. Beba faili mbili zinazofanana, moja ya kuacha, moja ya kugongewa muhuri. Ndani: dai lenye jumla kwenye ukurasa wa kwanza, ripoti ya mthamini, hatimiliki au nakala yake, sachi isiyo ya zamani, vitambulisho vya wenzi, vyeti vya PIN vya KRA (mamlaka ya kodi), taarifa ya akaunti ya benki, hati ya mirathi au uwakilishi ikihitajika, na picha.

Kikao hiki pia husikiliza hoja kama utwaaji wenyewe unafaa. Ukiwa na pingamizi la njia ya mradi, kwamba inakata kisima cha kijiji au makaburi, lisemwe hapo na liandikwe. Kuliibua kwa mara ya kwanza baada ya uamuzi wa fidia hulifanya lionekane kama ujanja wa kutaka kuongezewa. Na kutofika hakukuokoi: uamuzi wa Tume kuhusu ukubwa, thamani na kiasi unasimama hata kwa asiyehudhuria.

Ofa ikija, na ukitaka kuipinga

Baada ya kikao kila mwenye haki hupelekewa notisi ya uamuzi na ofa ya fidia. Soma mchanganuo wake, si jumla pekee. Kama jumla haina mchanganuo, uombe, kwa sababu bila huo huwezi kujua kama asilimia 15 imo, kama miti imehesabiwa, kama kuna chochote cha sehemu iliyobaki.

Ukikubali, jaza fomu na usubiri. Ukikataa, fedha zinaweza kuwekwa kwenye akaunti maalumu ya Tume na mradi ukaendelea. Kukataa ofa na kukaa nyumbani si mkakati.

Anayepinga uamuzi wa Tume ana siku 30 kwenda kwenye Jopo la Utwaaji Ardhi. Sheria inalitaka Jopo lisikilize na kuamua ndani ya siku 60 tangu ombi kufunguliwa. Mashauri ya utwaaji na ya njia za umma lazima yaanzie hapo. Wanaokimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi moja kwa moja hurudishwa, na huku nyuma zile siku 30 zinakwisha. Kutoka Jopo, rufaa huenda mahakama hiyo kwa hoja ya kisheria tu. Maana yake ni kwamba hesabu ya mthamini wako, mauzo ya kulinganisha na picha za shimo la maji taka lazima vyote viwe mbele ya Jopo. Mahakama haitahesabu miti yako upya.

Kufungua shauri peke yake hakusimamishi tingatinga. Zuio huombwa kando, na si rahisi kulipata dhidi ya mradi wa umma. Kama mzozo wako ni wa kiasi tu, wakili mwaminifu atakuambia upiganie tofauti na usipoteze hela kwenye zuio.

Kuchukuliwa kwa ardhi na kulipwa

Baada ya uamuzi, Tume hutoa notisi yenye siku ya kuichukua ardhi, ambayo haizidi siku 60 tangu uamuzi. Kuna njia ya mkato: panapokuwa na dharura ya umma, ardhi isiyolimwa, ya malisho au ya kilimo inaweza kuchukuliwa siku 15 tu baada ya notisi ya nia, hata kabla ya uamuzi wa fidia. Mwenye shamba kando ya mchoro wa reli apige picha za mazao na mipaka mara tu notisi ichapishwapo, kwani huenda hapatakuwa na cha kupiga picha siku ya kikao.

Andika tarehe ya kuchukuliwa. Mwaka wa kulipwa unahesabiwa kutoka hapo, na riba pia: kiasi ambacho hakijalipwa hadi siku hiyo huzaa riba kwa kiwango cha benki hadi siku ya malipo. Riba hii haiji yenyewe bila kuulizwa. Malipo yakichelewa, idai kwa barua inayotaja tarehe mbili na kiasi.

Hatimiliki ya zamani hurudishwa kwa msajili. Sehemu ikitwaliwa, unastahili hatimiliki mpya ya salio baada ya upimaji wa mwisho. Upimaji huo ukionyesha kwamba eneo lililochukuliwa ni kubwa kuliko lililolipiwa, kuna fidia ya nyongeza, hivyo ajiri mpima ardhi wako akague bikoni kabla wajenzi hawajazing'oa.

Asiye na hatimiliki

Mpangaji mwenye mkataba ni mtu mwenye haki, na anayeikalia ardhi vilevile. Mwenye duka la kupanga apeleke dai lake, tofauti na la mwenye nyumba: mkataba, leseni ya biashara ya kaunti, marejesho ya kodi ya KRA, na gharama za kuhama. Anayedai faida ya laki mbili kwa mwezi huku marejesho yake yakisema elfu kumi atapewa hesabu ya elfu kumi.

Katiba, Kifungu cha 40(4), inaruhusu fidia kwa wanaokalia ardhi kwa nia njema bila hatimiliki. Kwa wachuuzi na wakazi walio ndani ya hifadhi ya barabara njia hiyo ni nyembamba. Mlango mpana zaidi uko kwa mfadhili. Miradi inayokopeshwa na Benki ya Dunia hufuata kiwango chake cha tano cha mazingira na jamii, kinachotaka hata wasio na haki ya kisheria kwenye ardhi walipwe majengo yao na wasaidiwe kurejesha riziki. Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya nazo zina masharti ya uhamishaji. Kwa hiyo swali la kwanza la mchuuzi liwe hili: nani anakopesha mradi huu? La pili: tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa ni lini? Aliyehesabiwa siku hiyo ana namba. Aliyekuja baadaye hana. Usikose zoezi hilo, usimwache mtoto akujibie, na usiondoke bila nakala au picha ya fomu. Kila mradi wa aina hiyo una dawati la malalamiko. Lalamika kwa maandishi, kwani wakaguzi wa mfadhili husoma daftari la malalamiko kabla ya kusoma kitu kingine.

Wasomaji wa Tanzania wasizitumie hatua hizi kwa mradi wa mwendokasi au SGR ya kwao, maana sheria ni tofauti. Huko, chini ya kanuni za 2001, fidia hujumuisha ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri kwa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, posho ya makazi ya kodi ya pango mara miezi 36, na hasara ya faida mara miezi 36, na riba huanza kudaiwa malipo yakipita miezi sita. Kikao cha kubishania bei kama cha Kenya hakipo, hivyo fomu za uthamini ndizo za kukagua mstari kwa mstari kabla ya kusaini.

Faili lako lisitupwe baada ya malipo. Mradi ukifa, au ardhi isipohitajika tena kwa shughuli iliyotajwa, Sheria ya Ardhi inaruhusu Tume kumpa mwenye ardhi wa awali au warithi wake nafasi ya kwanza ya kuirudisha, kwa kurejesha kiasi chote alicholipwa. Njia za treni na mabasi hubadilishwa michoro mara nyingi kuliko wizara zinavyopenda kusema. Atakayeweza kudai nafasi hiyo ni yule mwenye uamuzi wa fidia, ramani ya kipande kilichokatwa, na hati ya benki inayoonyesha kiasi na tarehe.